Mwatiko wa Mwala

"Hawatazaa, Maryam. Hata ukae hapo mpaka uote mvi, hawatazaa."

"Kwani wewe ni daktari wa samaki?"

"Mimi ni mamako. Toka kwenye tope."

Maryam hakutoka. Alikuwa na miaka kumi na minne na chujio la chai mkononi, na kila Jumamosi alilipitisha kwenye maji ya bwawa akitafuta vitoto vya samaki. Tilapia wa jirani yao Ndeti walizaana mpaka akawa anawagawa kwa ndoo. Kwa nini mwatiko wa Baba wasizae?

Baba alikuwa Zaki, mtu wa Kilifi aliyeoa Mwala. Miaka mitatu nyuma aliwaleta mwatiko hao kwenye mtungi wa plastiki, kila mmoja urefu wa kidole, akawapunguzia chumvi kidogo kidogo wiki nzima, kisha akawaachia bwawani. Sasa walikuwa urefu wa mkono, na Zaki alikuwa kaburini. Jana Mutindi, mjane wake, alimaliza eda. Leo ndiyo mara ya kwanza kufika bwawani tangu mazishi, akakuta maji ya magoti, na Julai imeingia na baridi yake. Samaki hawakukimbia kivuli chake. Wawili walikuwa wamelala ubavu. Aliwatazama kama mtu anavyotazama ukuta.

"Hawa ni wa pwani, baridi inawaua," alisema. "Bwawa likijaa, chini kunabaki na joto. Sasa hakuna chini. Wakifia humu maji yataoza, na mbuzi hawana mengine. Tunawavua."

"Samaki wa Baba! Unataka kuwakaanga! Na hata hukumlilia."

Hilo lilikuwa kweli. Mutindi alingoja limchome. Halikumchoma.

Alimgeukia Rashid, ndugu wa marehemu, aliyekuja kutoka Kilifi kwa ajili ya kumaliza eda na sasa alijifanya anakagua ua.

"Shemeji, mwambie mtoto."

"Mimi tena?"

"Wewe ndiye mwenye bahari."

Rashid alikohoa. "Mwanangu, mwatiko hukua popote. Maji ya chumvi, maji ya mto, hata dimbwi la mikokoni lenye moto kama chai. Hujilia ukoga wa chini, hana hata jino. Lakini kuzaa ni bahari kuu tu. Mayai huelea huko nje, na vitoto huletwa na maji makuu ya bamvua mpaka kwenye mikoko, nasi tunavichota kwa chandarua. Bwawa lililozaa mwatiko, wallahi, kwetu sijaliona."

"Baba hakujua?"

"Alijua. Tulivichota pamoja tangu wadogo."

"Lakini yeye ndiye aliyeniambia nitafute."

Rashid alirudi kukagua ua.

"Na wewe, Mama?"

Mutindi alisomea kilimo chuoni. Mwatiko walikuwa ukurasa mmoja wa kitabu, na aliukumbuka tangu siku ya mtungi. Alidhani mumewe hajui. Alinyamaza asimwaibishe mbele ya mtoto, na jioni baada ya jioni akawaacha wawili hao wakae ukingoni wakingoja.

"Nilijua."

"Nyote."

"Sote."

Maryam alipangusa pua kwa kiwiko. "Basi tuwarudishe Kilifi."

"Hawatafika hata Kibwezi," alisema Rashid. "Akishakua ni samaki wa kufa upesi huyu, akishikwa tu amekwisha."

"Tungoje kesho, basi. Kesho tu."

Mutindi aliwatazama wale wawili waliolala ubavu. Sasa walikuwa watano.

Alifunga leso kiunoni, akavua ndala, akachukua wavu wa Ndeti uliokuwa umeanikwa uani, akaingia. Maji yalimkata miguu, kisha hakuyasikia tena. Rashid alishika ncha ya pili, akazunguka upande wa mfereji.

"Wavu unainuka katikati," Mutindi alimwambia bintiye. "Watapita chini. Kanyaga hapo au utoke."

Maryam aliingia, akakanyaga wavu.

Walivuta wavu mpaka ukingoni. Mwatiko waliruka mara moja tu, weupe, kisha wakatulia kwenye majani. Mutindi alimshika wa kwanza mkiani, akampiga kichwani kwa mpini wa panga, akamtia beseni, akamshika wa pili.