Baridi ya Ghorofa ya Tatu

Meneja wa jengo alikuwa ameshamhukumu Mama Pasi kabla sijafungua begi langu la vifaa. Umeme ulikuwa unaliwa kupita kiasi, na mwenye pasi nne zinazowaka kutwa ni huyo fundi cherehani wa chini. Barua ya kumhamisha ilikuwa tayari mfukoni mwake. Alitaka tu ripoti yangu ya ukaguzi wa nishati iitie nguvu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza bila mwalimu pembeni. Nikaitikia kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Mama Pasi alinisogezea stuli. "Pima, mwanangu. Ukimaliza pasi nipime na mimi, nina joto la miaka hamsini na tano."

Nikafunga kipimo kwenye waya wake, nikasubiri. Pasi zote nne hazikufikia hata sehemu moja kati ya ishirini ya umeme wa jengo.

Basi nikawasha kamera ya joto, ile inayoonyesha moto kwa weupe na baridi kwa buluu. Nikaielekeza kwenye ngazi. Kwa macho palikuwa na saruji tu. Ndani ya kioo, kila kidato kilikuwa buluu, vya juu vimekolea, vya chini vimepauka, kama mto uliokuwa ukiteremka humo miaka yote bila mtu kuujua.

Mama Pasi alichungulia begani kwangu. Yeye mwenye maneno mengi akanong'ona tu, "Kumbe ndiyo maana miguu huniuma."

Nikaufuata mto huo hadi ghorofa ya tatu, meneja nyuma yangu. Makarani walivaa sweta mchana kweupe. Walipomwona meneja, wakasukuma kwa miguu vihita vyao vya umeme chini ya meza. Nilijifanya sijaviona, kamera haikujifanya.

Kona moja ilikuwa nyeupe pe. Pale ukutani palikuwa na kiboksi kinachopima joto la ofisi na kuiamuru mitambo ya kiyoyozi iliyo juu ya paa. Chini yake, meza ya chai, birika likifuka mvuke. Nikauliza meza ilikuja hapo lini. Karani mmoja, mama mtu mzima, alisema waliihamishia kwenye soketi ile wakati baridi ilipoanza kuwashinda, ili chai isikosekane.

"Na baada ya hapo baridi ikapungua?"

Akafikiri. "Ikazidi. Ndipo tukaongeza birika la pili."

Tuliibeba meza hadi upande wa pili, vikombe vikigongana, tukasimama kungoja. Dakika zilipita. Kisha juu ya paa kitu kikashusha pumzi, na mngurumo ambao hakuna aliyejua kuwa anausikia ukakatika. Watu wakainua vichwa. Jengo zima lilikuwa likitutii kwa uaminifu, nasi tulikuwa tukilidanganya kwa mvuke wa chai kwamba ofisini kuna joto.

Katika ukimya ule, sauti ya cherehani ikapanda kutoka chini, wazi kabisa.

"Barua hiyo, bosi," nikasema, nikajishangaa, "haimhusu Mama Pasi."

Meneja akaitoa, akaisoma kama imeandikwa na mtu mwingine, akaichana. Kisha akaniomba kamera. Akashuka nayo ngazi polepole, kidato kwa kidato, mdomo wazi, kuelekea kwa Mama Pasi.