Chui, Pundamilia na Tembo Katika Ukuta Mmoja

"Wananchi wote wa machimbo, wakazi na wapita njia, wanatangaziwa na Kamati ya Soko kwamba ukuta wa ghala jipya, upande unaoelekea mashimoni, utachorwa picha moja yenye kuonyesha umoja wa watu wetu. Atakayeegemeza baiskeli kwenye rangi mbichi atachukuliwa hatua."

Tangazo hilo lilisomwa mara mbili, kwa sauti ya ibada, ingawa tangu dhahabu ionekane hapa Kemambo hakuna aliyekuwa na muda wa kutazama ukuta ambao hauna mawe ya kuvunja.

Mokami alilisikiliza kwa makini kuliko wote. Alikuwa amepewa kazi hiyo kwa sababu ya kutosha kabisa: hapakuwa na mtu mwingine mwenye brashi. Picha ikikubaliwa, kamati ingempa chumba cha nyuma cha ghala afungue karakana ya mabango. Isipokubaliwa, Jumatatu angeanza kuponda mawe kwa baba yake mdogo, Heche, ambaye tayari alikuwa amemchagulia nyundo, nyepesi kidogo, kwa upendo.

Koo tatu zilichimba hapo, na kila ukoo una mnyama wake wa heshima. Mokami akachora chui kushoto, pundamilia katikati, tembo kulia, weupe wa chokaa ukiwatenga kama mipaka ya mashamba.

Siku ya soko alifika Mwalimu Gladys, aliyefundisha sanaa mjini Tarime na aliyemfundisha Mokami kushika brashi. Akatazama, akakohoa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Picha hizi tatu umezichora lini?"

"Ni moja, Mwalimu."

"Moja? Mimi naona wapangaji watatu wasiosalimiana."

Akatoa nyanya kikapuni, akaziweka mbalimbali juu ya mkeka. "Unaona nini?"

"Nyanya ile, na ile, na ile kule."

Akazisogeza zikagusana, moja ikapanda juu ya nyingine. "Na sasa?"

"Fungu."

"Nyanya ni zilezile. Wasogeze wanyama wako, mmoja amfunike mwenzake kidogo. Rangi iliyo kwa mmoja ionekane kwa wote. Na mstari ukiishia kwa huyu, uendelee kwa yule. Jicho ni kama ng'ombe aliyeshiba: lisipoonyeshwa njia, linalala palepale."

Mokami akafuta, akaanza upya. Alichanganya udongo mwekundu wa mashimoni katika ngozi za wote watatu. Mgongo wa tembo ulishuka ukawa mgongo wa pundamilia, nao ukateleza hadi mkia wa chui. Chui alimfunika pundamilia bega, pundamilia akamfunika tembo ubavu. Kwa mbali, hata mwenye husuda angekiri kwamba kile kilikuwa kitu kimoja.

Kamati ilikuja kukagua, ikiongozwa na mwenyekiti wake, Mzee Kisyeri. Werema, mjumbe wa ukoo wa tembo, hakuchelewa kuona kasoro.

"Mbona tembo wetu yuko nyuma? Anachungulia kama mkwe ambaye hakualikwa."

"Tembo ni mkubwa, anaonekana hata akiwa nyuma," alisema mjumbe wa ukoo wa chui, ambaye hakuwa ameona kasoro yoyote.

"Mura, kijana wewe, nyamaza. Wa kwako amekaa mlangoni, utajuaje baridi ya uani?"

"Wazee," Mokami alisema, "kufunikana ndiko kunakoifanya picha iwe moja."

"Vizuri," alisema Werema. "Basi afunikwe chui."

Mokami alipanda ngazi, akarefusha mkonga wa tembo ukapita juu ya mgongo wa chui. Sasa chui alimfunika pundamilia, pundamilia akamfunika tembo, tembo akamfunika chui. Mwalimu Gladys alisema hajawahi kuona jambo kama hilo katika kitabu chochote, na kwa desturi yake hiyo ilikuwa sifa.

Wajumbe waliufuata mzunguko kwa vidole, wakarudi walikoanzia.

"Kwa hiyo," alisema Werema, "kila mmoja amefunikwa."

Kwa mara ya kwanza tangu machimbo yafunguliwe, koo tatu zilikubaliana: picha imezitukana zote kwa usawa. Nyuma ya umati, Heche alikaza mpini wa nyundo.

"Wazee wangu, mmesimama mbali mno," Mokami alisema. "Mnyama wa heshima hutazamwa kwa karibu." Akamshika kila mjumbe mkono, akampeleka mbele ya kichwa cha mnyama wake mpaka pua ikakaribia rangi.

Kila mmoja akakodoa macho.

"Wetu hajafunikwa," alisema wa chui.

"Wala wetu," alisema wa pundamilia.

"Macho ya tembo haya," alisema Werema, "ni ya babu yangu kabisa." Aligeuka akiwa na rangi nyekundu puani. Hakuna aliyemwambia.

Kamati ilikaa juu ya magunia ya mahindi, ikashauriana, na Mzee Kisyeri akasimama kutoa uamuzi.

"Kamati imeridhika. Kuanzia leo ni marufuku kuutazama ukuta huu kwa umbali unaozidi urefu wa mkono. Kila ukoo utatazama mnyama wake; wageni watachaguliwa mnyama wa kutazama. Mokami atakabidhiwa chumba mara tu itakapothibitishwa kwamba picha ni moja. Uthibitisho huo utafanywa na kamati kwa kuitazama yote kwa pamoja, katazo hili litakapoondolewa. Katazo halina kikomo. Hadi hapo, Heche anaombwa kuitunza nyundo, na Mokami aitunze brashi."