Mnada wa Majina ya Mume Wangu

...na sasa wamefika watatu, shemeji ananionyesha kwa ncha ya kalamu, wanunuzi watatu wanaoyataka majina yote mia mbili na kumi na moja kwa mkupuo, "Shemeji, usiguse kitu, mnada unajiendesha wenyewe," nami sijagusa, mikono nimeikalia kama mwanafunzi wangu wa udereva siku ya kwanza nyuma ya usukani, zimebaki dakika sita, ni saa nne na nusu asubuhi, jua limejaa sebuleni na vumbi lote linaonekana kwenye kioo cha kompyuta yake, yake yeye, mume wangu, ambaye yuko chumba cha pili anainuliwa mguu na mama wa mazoezi ya viungo, namsikia kupitia mlango, "moja... mbili... jitahidi, baba... tatu," na yeye kimya, kiharusi kiliondoka na upande wa kulia pamoja na maneno yote, mwaka na miezi miwili sasa, mtu ambaye hata alipokuwa mzima alizungumza na kompyuta kuliko na mimi... majina ya tovuti, hiyo ndiyo kazi aliyojipa kila akitoka ofisini, anawaza jina ambalo mfanyabiashara fulani siku moja atalitaka, viatu vya harusi, mabati imara, daktari wa meno, anaingia mtandaoni analisajili kabla mwenyewe hajalifikiria, halafu anakaa kusubiri aje alinunue, na kila mwaka analilipia lisimponyoke, "viwanja vyangu," ndivyo alivyoyaita, nami nikiwatania dada zangu, waume zenu wana mashamba, wangu ana shamba la hewa, walicheka mpaka wakashika mbavu, mimi nilicheka kwa mdomo tu... "Wamepandisha!" anasema shemeji, mdogo wake huyu, anafurahi kisha anakumbuka asifurahi mno, "kaka angejivuna," angejivuna, labda, nilisimama mbele ya kitanda nikamwambia tunayauza, nipate pesa za kumlipa mtu akae nawe nikiwa barabarani na wanafunzi, akanitazama, nikahesabu kule kutazama kuwa ndiyo, ndivyo ninavyohesabu kila kitu siku hizi... zimebaki nne, sina la kufanya, nashusha orodha kwa kipanya, sijawahi kuisoma, shemeji ndiye aliyeipanga, na ndiye anayelipia ada tangu kaka yake augue, namba, jina, tarehe ya kusajiliwa, miaka iliyolipiwa, tisini ni pampu za maji, tisini na moja ni pazia nafuu, nani huyo wa kununua pazia nafuu, mia moja, mia moja na ishirini, mia moja arobaini na tatu, na hapo kidole kinagoma, hii si bidhaa, hili ni jina la mtu, la kwanza na la pili yameunganishwa bila nafasi, na nukta com nyuma yake kama mkia, jina tulilolichagua wawili tu, ndani ya gari, vioo tumepandisha, nina mimba ya miezi saba, na hatukumwambia mtu, si mama yangu, si huyu shemeji, kisha hakukuwa na wa kuuliza tena maana alizaliwa kimya, kwenye karatasi ya hospitali wakaandika "mtoto wa" halafu jina langu mimi, basi, karani alisema asiyepumua haandikiwi jina, akagonga muhuri... naitazama tarehe, naihesabu kwa vidole, ni siku iliyofuata ile tuliyorudi nyumbani mikono mitupu, nimelala nimegeukia ukuta, maziwa yanalowesha gauni, hayajui kwamba hakuna wa kuyanyonya, na kupitia mlango huu huu namsikia anabonyeza, tak, tak, tak, nikasema moyoni huyu si mtu, huyu ni gogo, mtoto hajamaliza hata siku mbili ardhini naye yuko kwenye viwanja vyake, sikumwambia, nikalimeza, likakaa tumboni, na kila niliposikia kibodi ile liligeuka, miaka kumi na moja, nilimpa mgongo kitandani kwa sababu yake, nilimwekea chakula mezani bila kumkaribisha, hata siku alipoanguka, Mungu anisamehe, kabla sijapiga kelele kitu cha kwanza nilichosikia ni kwamba kubonyeza kumekoma... "sita... saba... vizuri, baba..." na kumbe siku ile ndilo alilokuwa akiliandika, mahali pekee duniani pasipo na karani wa kumkatalia, na akalilipia mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa kumi, safu ya mwisho inasema hivyo, asije mtu akalichukua... "Shemeji," namwita, "ukitaka kutoa jina moja inakuwaje?" "Halitoki, fungu limefungwa tangu dau la kwanza, yanaondoka yote, ukizuia sasa wanatushtaki, kwani kuna jina gani?" anasogea, anasoma mstari nilioushika, naona macho yake yanapita juu yake kama yalivyopita juu ya pampu za maji, "aa, hilo usijali, mnunuzi atalitupa tu," ananipoza, "halina soko," halina soko, ndiyo, mwaka ukiisha hatalilipia, litabaki wazi kwa yeyote apitaye... najaribu kumchukia tena yule wa chumba cha pili, ni njia niliyoizoea, naijua hata nikifumba macho, leo haipitiki, kwa nini hakuniambia, naam, kwa nini, lakini nani alimuuliza, yeye amekosa ulimi mwaka na miezi miwili, mimi nilikuwa nao miaka yote kumi na moja, nikautumia kuuliza umefunga geti, umelipa maji... "kumi, tumemaliza!" anaita mama wa mazoezi, "mama, njoo unisaidie kumgeuza," "nakuja," najibu, siinuki, zilikuwa zimebaki sekunde arobaini lakini mtu ameongeza dau na saa imejirudisha dakika tatu, itaendelea kujirudisha kila watakapoongeza, shemeji anasugua viganja, nami navuta fomu tupu ya mwanafunzi mpya wa Jumatatu, nang'oa kifuniko cha kalamu kwa meno, na kwenye mstari unaosema Jina Kamili naanza kuliandika, herufi kubwa, nimwekee mume wangu mbele ya macho, nimwambie nimelikuta, sijawahi kuliandika hata mara moja, mkono wangu haujui linavyokwenda, nakosea herufi ya tatu, naikata, naanza upya.