Wimbo Uliosafishwa Kolkata

Msiniulize kwa nini siku hizi navuka mto kwa kivuko kama mgeni. Mtumbwi wangu wa makasia arobaini, aliouchonga marehemu baba, uliniponyoka kwenye mashindano ya mwezi wa Bhadro, mto unapofurika, na kilichoniponza ni wimbo.

Makubaliano na watu wa kijiji jirani cha Shimulkandi yalikuwa wazi: atakayeshindwa anatoa mtumbwi. Sikuogopa hata kidogo. Sisi wa Hatipara tuna wimbo wetu wa kuvutia makasia, matusi matupu, unamsema mama mkwe na samaki wake wa kuungua, na ukiusikia mkono unavuta wenyewe. Ila mwongoza wimbo wetu alikuwa amefariki, na nafasi yake akaja kuishika mwanawe, Mojnu, kafika kutoka Dhaka asubuhi ile ile ya mashindano, na cheti cha muziki mfukoni.

Kumbe zamani bwana mmoja wa Kolkata alipita mtoni kwetu, akausikia wimbo ule, akaenda nao. Akamtoa mama mkwe, akaweka roho inayomlilia Mola, akaupunguza mwendo, akauandika. Huko mjini wanauimba kwa kinanda, macho wamefumba. Mojnu ndivyo alivyofundishwa.

Alipotuonjesha kidogo, tukiwa tumeshakaa kwenye makasia, nikaruka. "Huo si wetu!"

"Ni huo huo, ba'mdogo. Umesafishwa tu."

"Umesafishwa! Kwani ulijinyea?"

Ngoma ikalia. Mojnu akasimama katikati ya mtumbwi, mkono kifuani, akaanza. Wanaume arobaini wakainua makasia, wakangoja mstari uishe. Ulipoisha, wakavuta mara moja. Kisha akanyamaza.

"Imba, we mwehu!" nikamfokea kutoka kwenye usukani.

"Hapa pana kituo, ba'mdogo. Huzuni lazima izame."

"Tutazama sisi!"

Shimulkandi wakatupita wakicheka. Kiongozi wao, Komoruddin, akapaza sauti: "Mnamzika nani leo?" Nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Niliapa kumtosa Mojnu majini, wallahi.

Ndipo ukaja mstari wa tatu. Jamani, niseme nini? Ulikuwa wimbo wetu ule ule wa samaki, lakini nilimwona baba akichonga, vumbi la mbao kwenye ndevu. Nililia mpaka usukani ukanitoka. Mtumbwi ukazunguka taratibu, ukaanza kurudi nyuma na mkondo, na wanaume arobaini ndani wakilia kama watoto walionyimwa wali. Komoruddin akamaliza, akashinda, halafu akageuza mtumbwi wake kuja kusikiliza uliobaki.

Tulipofika ukingoni watu wangu walitaka kumpiga Mojnu. Nikawaambia wamwache, aliyeachia usukani ni mimi. Komoruddin akaishika kamba ya mtumbwi wa baba, macho mekundu.

"Una neno, kaka?" akaniuliza.

Nilikuwa na matusi tele, nimeshayapanga. Nikamgeukia Mojnu. "Ule mstari wa tatu, mwanangu. Rudia."

Akaimba. Alipofika kwenye kituo akanyamaza, na Komoruddin akabaki amesimama na kamba mkononi, hathubutu kuivuta kabla huzuni haijazama. Nikamwomba Mungu kijana yule asiendelee.