Ovaroli Mezani kwa Meneja

Mama mkwe wangu mtaani wanamwita Mama Povu, na mimi najivunia kuwa mkwe wake kuliko ninavyojivunia pete yangu ya ndoa. Mwenye kununa na anune.

Jina lilitokana na kufua. Nyuma ya mtaa wetu kuna kiwanda cha vigae vya kuezekea, na wanaume wake hurudi nyumbani weupe kuanzia nywele hadi viatu. Ovaroli zao zilikuwa zinafuliwa majumbani, na hakuna aliyewahi kuhoji. Unatoka nayo uani, unaishika mabegani, unaikung'uta kwa nguvu zako zote, ndipo unailoweka. Usipoikung'uta, maji yanageuka uji. Mama Povu alikung'uta za mumewe mpaka mzee akastaafu, kisha akahamia za mwanawe, yaani mume wangu. Nilipoolewa nikataka kumpokea. "Acha," akaniambia. "Mikono yako bado ya ubibi harusi, utaniharibia nguo."

Kisha kifua kikaanza kumbana. Hospitalini kila aliyempima alimuuliza kama anavuta sigara. Sigara! Mama hajawahi hata kuishika. Kazi yako? Mama wa nyumbani. Wakaandika hivyo, wakaendelea na mengine. Mpaka tukafika kwa daktari wa mapafu, mama mmoja mkavu asiye na mzaha, akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: "Nguo za kazi za mumeo anafua nani?"

Ilikuwa saratani, na iliingia na lile vumbi jeupe la ovaroli, vumbi la asbestosi inayotiwa kwenye vigae. Mimi nililia hadi kamasi. Yeye hakulia. Jioni yake alinikuta uani nimeshika ovaroli ya mume wangu, na binti yetu Kidosho amekaa kando ya beseni akijichezea. Akaninyang'anya nguo, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo.

"Hii kazi inaishia kwangu," akasema. "Wewe hutaifanya, na huyu mtoto hataijua. Wafue wenyewe huko kiwandani."

Tangu siku hiyo, baba yake akifika mlangoni Kidosho hutimka kumkimbilia, na bibi humdaka gauni kabla hajayafikia magoti ya baba yake. Mtoto analia, baba anasimama nje kama mgeni, mimi nammwagia mume wangu maji kichwani. Ndivyo tulivyoishi.

Mume wangu na wenzake wakaomba chumba cha kufulia na bafu pale pale kiwandani. Meneja akawajibu kwamba vumbi limepimwa na halina madhara yoyote, na asiyeridhika ajue getini kuna watu wanatafuta kazi. Mume wangu akarudi ameshika tama. "Mama, tuliache hili. Nitafukuzwa."

"Ukifukuzwa utakula kwangu kama zamani," akamjibu. "Ukiugua, sina tena kifua cha kukuuguza."

Basi si ndipo kiwanda kikatangaza Siku ya Afya! Turubai uwanjani, muziki, fulana za bure, na bango refu: SARATANI INAEPUKIKA, BADILI MTINDO WA MAISHA. Usivute sigara, punguza mafuta, tembea kwa miguu. Kuhusu vumbi, kimya. Afisa uhusiano, binti mwenye tabasamu la kudumu, akaja mpaka sebuleni kwetu kutafuta mgonjwa wa kutoa ushuhuda. "Tunataka mtu mpole, mama, atakayewatia watu moyo."

"Nitakuja, mwanangu," Mama Povu akasema, sauti laini kama sufi.

Damu ilinichemka. Nikamfuata jikoni. "Mama, unakwenda kuwapamba hawa?"

"Tulia wewe. Umeolewa juzi tu."

Siku yenyewe walimpandisha jukwaani kwa kumshika mkono. Mbele yake ilikuwapo meza ya kitambaa cheupe, meneja katikati, mgeni rasmi kutoka serikalini kulia kwake, chupa za maji zimepangwa. Mama Povu akashukuru. Akasema hajawahi kuvuta sigara, na kutembea kwa miguu ametembea sana, kwa sababu gari hana. Watu wakacheka. Meneja naye akacheka.

"Lakini mtindo wa maisha ninao," akaendelea. "Ngoja niwaonyeshe." Akafungua mkoba, akatoa ovaroli, akaishika mabegani, akaikung'uta juu ya ile meza. Paa! Wingu jeupe likatanda.

Niligeuzia jukwaa mgongo, nikamfunika Kidosho uso kwa mtandio. Mama, umefanya nini? Nilipogeuka tena, meneja alikuwa tayari chini ya jukwaa, tai imeziba pua. Mgeni rasmi aliruka kiti. Afisa uhusiano alikuwa mbali kabisa, tabasamu limempotea. Mezani alibaki Mama Povu peke yake.

Akachovya kidole kwenye ule weupe, akakilamba, akarudi kwenye kipaza sauti.

"Ni unga wa ngano, wa jikoni kwangu, na ovaroli ni mpya, haijaingia kiwandani. Vumbi lenyewe siwezi kumkung'utia mtu, hata nyinyi. Ila mmetuambia halina madhara. Sasa mbona mmekimbia?"

Uwanja ulilipuka. Wake wa mtaa mzima walisimama, na mimi nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Yule ni mama mkwe wangu! nikamwambia kila aliyekuwa karibu, pamoja na waliokuwa wakimjua kabla yangu.

Baada ya hapo kila mwanamume alivua ovaroli yake getini na kuiacha pale pale. Rundo likakua, mgeni rasmi akalazimika kurudi na wakaguzi, na chumba cha kufulia kikajengwa pamoja na bafu. Vumbi lenyewe bado tunapigana nalo.

Mama Povu hakuweza kwenda kukiona hicho chumba. Siku hizo alikuwa hatoki kitini. Jioni ya kwanza mume wangu alirudi na shati lake la nyumbani, nywele zikiwa mbichi kwa maji ya bafu. Kidosho akatimka. Mkono wa bibi ukamdaka gauni, kwa mazoea.

Akamtazama mwanawe pale mlangoni, juu hadi chini. Kisha akaliachia gauni.

"Nenda," akasema.