Ndevu za Upande Mmoja

Fundi Mdogo alikuwa ameshamaliza shavu la kulia la mjomba wake, mwenye duka la kunyolea, pale mkono wenye wembe ulipoanza kucheza peke yake.

"We! Ngoma gani hiyo shingoni mwangu?" mjomba alitania, macho kafumba.

Ngoma wapi! Mkono ulijirusha, ukajipinda, vidole vikafumba na kufumbua bila idhini ya mwenyewe. Wembe ukaanguka. Aliubana mkono kifuani kwa ule wa kushoto, ukachopoka. Mguu wa kulia nao ukaanza. Jamani, aliogopa! Kinyozi bila mkono ni nani? Na je, mkono ungeruka wembe ukiwa kooni mwa mtu?

"Mjomba, naushika, haushikiki!" alisema huku machozi yakimtoka.

Mjomba akamkokota hivyo hivyo hospitali, povu bado shavuni.

Daktari alimtoboa kidole. Sukari ilikuwa juu kuliko kipimo kinavyoweza kusoma.

"Ikipanda hivi huweza kuvuruga ubongo, kiungo kikacheza chenyewe. Ikishuka, mara nyingi hutulia. Insulini unachoma?"

"Tangu utotoni sijaruka, daktari! Ila siku hizi nina kiu ya ajabu, na chooni siishi kwenda."

"Dawa unaiweka wapi?"

Mjomba akadakia, kifua mbele. "Alikuwa anaiweka kando ya mtungi wa maji, pachafu. Nikaihamishia kwenye kabati la kupashia taulo moto. Mle hata nzi hathubutu!"

"Kwenye joto, mzee? Umeipika. Kijana anachoma dawa iliyokufa."

Mjomba akatafuta benchi, akaketi.

Kwa dawa mpya sukari ilishuka, na mkono ukapunguza vituko kidogo kidogo hadi ukatulia. Siku zote hizo mjomba alitembea na ndevu za upande mmoja. Wateja walicheka mpaka basi. "Aliyeanza ndiye atakayemaliza," aliwajibu.

Daktari aliporuhusu kazi, mjomba alikaa kitini, akainua kidevu. Fundi Mdogo alishika wembe. Aliutazama mkono wake kwa hofu, haamini kama ni wake tena.

"Na ukianza tena je, mjomba?"

"Aliyeipika dawa yako ni mimi, mpwa wangu. Ukianza tena, bora unikute mimi. Nyoa."