Kimya cha Gari Jekundu

Usiku wa jana niliota, na naomba usicheke mpaka nimalize, kwamba betri zimekuja nyumbani kwangu Chumbageni kuposa.

Posa yenyewe ni ya gari langu. Ni gari la spoti, jekundu, viti viwili, aliloniachia marehemu kaka yangu Mbaruku. Kwa mwaka silitoi mara tatu. Linakaa gereji chini ya shuka, betri inakufa, nanunua nyingine, nayo inakufa vilevile. Juzi mke wangu Mwanamvua alisema Jumapili ikifika halijawaka, Shemhilu kinyozi analichukua. Ataling'oa magurudumu aliweke mbele ya kibanda chake liwe pambo. Mwanamvua hatanii. Nililala na hofu hiyo kifuani.

Basi ndotoni ni saa nne asubuhi na gereji imekuwa sebule. Gari limeketi mkekani, limejitanda kanga hadi kwenye taa. Mshenga anabisha hodi. Namfungulia, kumbe ni spana yangu namba kumi, ile iliyopotea mwaka jana.

"Ulikuwa wapi wewe?" nikamuuliza.

"Kwenye shughuli za watu," akajibu, akavua viatu. "Mzee, tumepita tukaona ua zuri bustanini kwenu."

"Ua lenyewe halijawaka tangu mfungo."

"Ndiyo maana tumekuja watatu."

Wa kwanza ni betri ya lori. Anabebwa na wanaume wanne, ametuna, anatazama picha za ukutani kama anayekagua nyumba ya kupanga. Nikamwonyesha kigoda cha bwana harusi. Kigoda kina ukubwa wa kile kibao ambacho betri hukalia chini ya boneti, na sharti la ukoo wetu ni kwamba asiyeenea hapo haoi. Akakaa. Kigoda kikawa kuni.

"Mimi naamsha lori la saruji mlimani," akasema kutoka sakafuni.

"Chema chajiuza," Mwanamvua akanong'ona, akapita na sahani ya halua bila kumkaribisha.

Spana akaligeukia gari. "Mwari, umemridhia?"

Gari kimya.

"Kimya cha mwari ni ridhaa," spana akatangaza. "Amekubali."

Wa pili ni mtanashati, ana kofia nyekundu na nyeusi. Ila ncha yake chanya iko upande usio wake, kwa hiyo anasalimia kwa mkono wa kushoto. Mimi nikampa wa kulia kwa adabu. Cheche zikaruka, nyusi zangu zikaenda nazo. Nikamwambia karibu.

"Mwari, umemridhia?"

Kimya.

"Amekubali na huyu."

Wa tatu ni mdogo, wa kijivu, amezibwa juu kote, hana hata kifuniko cha kutilia maji. Kaenea kigodani sawasawa, kajifunga mkanda mwenyewe. Spana akauliza, gari likanyamaza, na wa tatu naye akapokewa. Kwa robo saa binti yangu ana wachumba watatu, na wawili wa mwanzo wameshakunja ngumi.

"Hakumridhia yeyote," nikasema. "Hana moto wa kusemea."

Spana akatoa nyaya za kubusti. Gari jingine la kuazima moto halipo, hivyo akabana waya mwekundu kwenye sikio langu na mweusi kwenye fulana.

"Unaogopa kiasi gani kumpoteza?" akauliza.

"Sana."

"Inatosha."

Kifua kikanitetema. Gari likakohoa, likafunua kanga.

"Nyie," likasema, sauti imekauka. "Hapa mtu anawekwa miezi minne bila kutolewa. Mtaishije?"

"Nitavimba," akasema wa lori.

"Nitarudi kwetu," akasema mtanashati.

Wa kijivu akafikiri. "Nitapungua taratibu, ila utanikuta. Niwekewe chaja ukutani, na tutoke mara moja kwa wiki, mwendo wa kweli, siyo kuzunguka nyumba."

"Huyu," likasema gari.

Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele, mimi mwanamume mzima. Hapo hapo sebule ikawa barabara ya Raskazone, tuko wote katikati ya lami, na halua inatufuata.

"Na mahari?" spana akauliza.

"Anatoa walii," likasema gari. Walii ni mimi. "Anivue nailoni."

Sasa hapo nikanyong'onyea. Mbaruku alilinunua gari lile viti vikiwa na nailoni ya dukani, akafa hajaibandua. Nami nimeilinda. Ningeweza kusema natunza viti, lakini ukweli ni kwamba naona nikiitoa, kaka atakuwa amekwenda kabisa.

"Kiti changu cha kushoto hakijakaliwa na mtu," gari likaendelea. "Mwulize mkeo."

Mwanamvua amesimama kando ya mlango wa gari na sahani. Miaka saba gari liko kwetu. Siku ya kwanza alitaka kupanda, nikamkataza, mafuta yake ya nywele yasije yakachafua kiti. Hakuomba tena. Namtazama, amenyamaza. Spana anafungua mdomo aseme kimya ni ridhaa, nami namwambia afunge.

Nikaishika nailoni ya kiti cha kushoto kwa mikono miwili, nikaivuta huku nalia. Ikararuka kwa kishindo, na kile kishindo kikageuka mngurumo wa injini.

Nikaamka. Kumepambazuka. Mwanamvua ameketi kitandani ananitazama.

"Baba Hidaya, ulikuwa unararua nini?"

Nikafungua ngumi. Ndani mna kipande cha nailoni, upana wa kiganja, kina mshono wa kiti pembeni.

Akakichukua, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki cha kiti cha dereva?"

"Cha kushoto."

Kisha akainuka, akakichomeka kwenye fremu ya kioo.

"Duka la betri linafunguliwa saa mbili," akasema. Akafungua chupa ya mafuta ya nywele, akamimina kiganjani, akajipaka mengi, taratibu, kichwa kizima.